Kuotesha Mchai na Kamelia za Maua Bustanini: Mwongozo Kamili kwa Aliyekwisha Kushindwa

Karibu kila anayeniuliza kwa nini mchai wake umekufa huanza kwa kunieleza jinsi alivyoutunza: aliujazia samadi shimoni, akaunyunyizia majivu ya jikoni, akaumwagilia asubuhi na jioni. Matunzo hayo ndiyo yaliyouua. Mchai hautaki yale ambayo mahindi, migomba na sukuma wiki hushukuru kupewa, na mtu asipolikubali jambo hilo tangu mwanzo ataendelea kununua miche kila msimu.

Mchai ni kamelia. Jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis, na ni ndugu wa damu wa zile kamelia zinazopandwa kwa ajili ya maua makubwa mekundu, meupe na ya waridi. Udongo unaoikubali chai huzikubali pia kamelia za maua, kwa hiyo nimeufanya mchai kuwa mfano mkuu wa mwongozo huu, na nimezitengea kamelia za maua sehemu yao mwishoni.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kugusa udongo

- Karatasi au kifaa cha kupimia pH ya udongo (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu huongezeka), na maji safi ya mvua ya kufanyia kipimo hicho.
- Mkasi mkali wa kupogolea au wembe mpya, na ndoo ndogo ya maji.
- Viriba vya plastiki vyenye upana wa takriban sentimita 10 na urefu wa sentimita 25, vilivyotobolewa chini.
- Udongo wa chini, yaani ule mwekundu unaopatikana baada ya kuondoa tabaka jeusi la juu, kutoka mahali penye uchachu.
- Nailoni nyeupe inayopitisha mwanga na isiyo na tundu, fito za kupinda ziwe matao, na neti ya kivuli au majani makavu ya kuezekea.
- Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. CAN, yaani mbolea ya naitreti ya amonia yenye kalsiamu, isikaribie kitalu hiki kabisa, kwa sababu nitakazozitaja.
- Matandazo ya kutosha: nyasi zisizo na mbegu, majani ya mgrivea, au matawi ya chai yaliyopogolewa.
- Pipa la kukingia maji ya mvua, ikiwa maji ya nyumbani kwako ni ya kisima chenye chumvi au yanaacha utando mweupe kwenye birika.

## Hatua ya 1: Pima udongo

Mchai hustawi katika udongo wenye pH ya kati ya 4.5 na 5.6. Kamelia za maua huvumilia kidogo zaidi, takriban 5.5 hadi 6.5. Juu ya hapo mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo tele udongoni, na jani huanza kugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Chimbua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu tatu au nne za eneo lako, uchanganye, kisha chukua sehemu moja ya udongo na sehemu mbili na nusu za maji ya mvua. Koroga, acha utulie kwa nusu saa, ndipo upime maji yaliyojitenga juu. Usitumie maji ya bomba kwa kipimo hiki, kwa kuwa yana pH yake na yatakudanganya.

Asiye na kifaa anaweza kusoma mimea iliyopo. Mahali ambapo kangaga huota wenyewe kwa wingi kwa kawaida pana uchachu. Ikiwa jirani yako ana haidrenja bustanini, tazama ua lake: likiwa la samawati, udongo ni mchachu, likiwa la waridi, uchachu umepungua. Haidrenja nyeupe haikuambii kitu.

Onyo kubwa la hatua hii linahusu historia ya kiwanja chako. Usipande mahali palipokuwa na nyumba ya zamani, zizi la ng'ombe, jiko la nje au shimo la kuchomea taka. Majivu na samadi ya miaka mingi hupandisha pH, na athari yake hudumu muda mrefu baada ya kuta kuanguka. Wakulima wa chai wanalijua vizuri jambo hili: katikati ya shamba la kijani hubaki kiraka cha michai ya njano iliyodumaa, na mzee wa kijiji atakuambia hapo palikuwa na nyumba ya nani.

Ikiwa kipimo kinasoma zaidi ya 6.5, ushauri wangu ni kuacha kupigana na ardhi. Panda katika chungu kikubwa chenye upana usiopungua sentimita 45 kilichojazwa udongo mchachu ulioletwa kutoka kwingine. Unga wa salfa hushusha pH, lakini hufanya kazi polepole na humtaka mtu apime tena na tena, jambo ambalo wengi huahidi na wachache hulitekeleza.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Kwa Afrika Mashariki swali la kwanza ni mwinuko. Ukiishi Mufindi, Njombe, Tukuyu, Lushoto, Limuru, Kericho au Nandi, umeshinda nusu ya vita, kwa kuwa ubaridi, ukungu na mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka ndivyo mchai unavyovitaka. Katika Usambara Mashariki, karibu na Amani, chai hulimwa chini zaidi ya hapo, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, lakini unyevu wa msitu ndio unaoibeba.

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuweka mchai hai ndani ya chungu, kwenye baraza linalopata jua la asubuhi pekee, akiumwagilia maji ya mvua. Asitarajie mavuno, apande kwa kuupenda tu. Aliyeko Uingereza ana tatizo la aina nyingine: maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, kwa hiyo pipa la maji ya mvua kwake ni la lazima.

Ndani ya bustani, chagua sehemu ambayo maji hayatuami. Mwagia ndoo ya maji katika shimo la kina cha sentimita 40. Yakiwa bado yamo baada ya saa chache, hamia kwingine au inua tuta. Epuka pia mahali penye visiki na mizizi mikubwa inayooza. Kuvu wa Armilaria hukaa katika mabaki hayo kisha huhamia kwenye mizizi ya chai, na mmea mzima hunyauka ghafla ukiwa na majani yake. Ukibandua ganda karibu na ardhi utaona utando mweupe chini yake, na wakati huo hakuna dawa ya nyumbani itakayouokoa. Ng'oa mmea huo na mizizi yake yote, uchome moto, na usipande kamelia nyingine hapo.

## Hatua ya 3: Kata vipandikizi

Mbegu za chai huota, lakini kila mche hutoka na tabia yake, na mbegu hupoteza uhai haraka baada ya kudondoka. Ukilazimika kuzitumia, ziloweke ndani ya maji na utupe zinazoelea. Njia bora ni kipandikizi cha jani moja kutoka kwenye mchai unaoujua, kwa idhini ya mwenye shamba. Nchini Kenya aina inayosifiwa kwa ubora wa kinywaji ni TRFK 6/8 (herufi hizo ni za taasisi ya utafiti wa chai ya Kenya), na wapo wanaopendelea TRFK 306, yenye majani ya zambarau.

Mchai unaochumwa kila wiki haufai kutolea vipandikizi. Unahitaji matawi marefu yaliyoachwa yakue kwa takriban miezi sita tangu kupogolewa. Yakate asubuhi na mapema, kabla jua halijayanyonya maji, na uyaweke kivulini mara moja.

Katika kila tawi tupa ncha laini ya juu, ambayo itaoza, na sehemu ya chini iliyokwisha kuwa mti, ambayo huchelewa kutoa mizizi. Tumia sehemu ya kati, iliyo kijani na inayoanza tu kukakamaa. Kata kwa mshazari nusu sentimita juu ya jani, kisha kata tena sentimita 3 hadi 4 chini ya jani hilohilo. Unachobaki nacho ni kijiti kifupi chenye jani moja zima na jicho moja kwenye kwapa la jani. Jicho hilo ndilo litakalokuwa mti, kwa hiyo kipandikizi kilichochubuka jicho hakina kazi.

Viache vipandikizi vielee majini, lakini visizidi nusu saa kabla ya kupandwa.

## Hatua ya 4: Kitalu kilichofungwa

Hapa ndipo wengi hushindwa, nami pia nilishindwa hapa. Jaribio langu la kwanza lilikuwa na vipandikizi 60, na nilikuwa nikifunua nailoni kila asubuhi ili kuona kama vimeota. Vilibaki vinne.

Jaza viriba udongo wa chini peke yake, bila samadi wala mboji. Wasomaji hubishana nami kuhusu jambo hili, wakiuliza mche utakula nini. Jibu ni kwamba kipandikizi kisicho na mizizi hakili chochote. Kinachohitaji ni unyevu, hewa na uchachu. Udongo wenye samadi huleta minyoo ya mizizi na kuoza, na pH ikiwa juu, kidonda cha chini huvimba na kuwa uvimbe mnene usiotoa mzizi hata mmoja. Ukiwahi kung'oa kipandikizi chenye jani la kijani baada ya miezi minne ukakuta donge badala ya mizizi, hiyo ndiyo sababu.

Mwagilia viriba jioni, na kesho yake tumbukiza vipandikizi mpaka kikonyo cha jani kikaribie udongo bila kuugusa. Jicho lisizikwe. Majani yote yaelekee upande mmoja na yasilaliane, kwa maana jani linalolalia jingine huoza na kuambukiza jirani.

Nyunyizia maji, simika matao, funika kwa nailoni, na zika kingo zake zote udongoni ili hewa isitoke. Juu yake weka paa la neti au majani linaloruhusu takriban robo ya mwanga. Jua la moja kwa moja likiipata nailoni hiyo kwa mchana mmoja tu, vipandikizi vitachemka kama mboga kwenye sufuria.

Kisha uache. Fungua mara moja kila wiki tatu, jioni, uondoe majani yaliyoanguka, umwagilie ikiwa udongo umekauka, na ufunge tena. Dalili ya kwamba mambo yanakwenda vizuri ni matone ya maji upande wa ndani wa nailoni kila asubuhi. Nailoni ikiwa kavu ndani, tafuta tundu.

## Hatua ya 5: Zoesha miche hewa ya nje

Baada ya takriban miezi mitatu, vuta kipandikizi kimoja taratibu. Kikikataa kuja, kimeshika mizizi. Usifurahi ukavua nailoni siku hiyohiyo, kwa kuwa jani lililokulia kwenye unyevu mzito halijui kuhimili upepo. Anza kwa kuinua ncha moja ya nailoni kwa saa chache jioni, wiki inayofuata inua ncha zote mbili, na uendelee hivyo mpaka, baada ya wiki sita hivi, miche ikae wazi chini ya kivuli. Punguza na kivuli nacho kidogokidogo.

Sasa ndipo chakula kinapohitajika. Koroga kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) katika lita 5 za maji, umwagilie miche mara moja kila wiki mbili, kisha suuza majani kwa maji matupu ili chumvi isiyaunguze.

Mche ulio tayari kwenda bustanini una miezi 8 hadi 12, urefu wa takriban sentimita 25, na shina lenye unene wa penseli. Mche wa miezi mitano unaopandwa kwa sababu mwenyewe amechoka kusubiri kwa kawaida hufia kwenye kiangazi cha kwanza.

## Hatua ya 6: Pandikiza

Panda mvua ndefu zinapoanza kutulia udongoni: Machi na Aprili kwa Usambara na nyanda za juu za Kenya, Desemba na Januari kwa Mufindi, Njombe na Rungwe, ambako msimu wa mvua ni mmoja. Shimo liwe na kina cha sentimita 45 na upana wa sentimita 30, na udongo wa juu uwekwe kando ili urudi wa kwanza, karibu na mizizi.

Chana kiriba chote ukiondoe. Nimeshaona michai ya miaka mitatu iliyodumaa ambayo, ilipochimbuliwa, mizizi yake ilikuwa ingali inazunguka ndani ya plastiki.

Shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na udongo, ibaki usawa wa ardhi au juu yake kwa unene wa kidole, kwa kuwa udongo uliofukuliwa utashuka baadaye. Kamelia yoyote iliyozikwa shingo huoza polepole, na mwenyewe hulaumu wadudu. Shindilia kwa mikono mpaka mche usichezecheze.

Kwa uzio wa michai acha sentimita 75 kati ya mche na mche. Ukitaka mistari miwili, acha sentimita 120 kati ya mistari ili upate nafasi ya kupita na kikapu.

## Hatua ya 7: Matandazo, maji na mbolea

Tandaza nyasi kwa unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiacha upana wa kiganja kuzunguka shina, la sivyo mchwa na uozo watapanda moja kwa moja. Mizizi inayolisha mchai hukaa karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo usipalilie kwa jembe. Ng'oa magugu kwa mkono.

Maji yawe mengi kwa mara chache. Katika kiangazi, lita 5 kwa mche mara mbili kwa wiki zina faida kuliko kikombe kila jioni, ambacho hulowesha matandazo tu.

Mbolea ni SA, kijiko kimoja cha chai kwa mche mchanga, ikizungushwa sentimita 15 kutoka kwenye shina, mara moja kila miezi miwili wakati wa mvua. SA huongeza nitrojeni na wakati huohuo hulinda uchachu. CAN ina chokaa ndani yake na hufanya kinyume. Majivu ni chokaa kwa jina jingine, kwa hiyo waeleze na wenzako nyumbani, maana kuna bibi mmoja katika kila boma ambaye humwaga majivu kwenye kila mmea kwa nia njema.

Jani likigeuka njano lote, mmea una njaa ya nitrojeni. Likigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, pima pH. Likipata rangi ya shaba na vumbi jembamba kwa chini wakati wa kiangazi, ni utitiri. Osha upande wa chini wa majani kwa maji yenye nguvu na uongeze kumwagilia kabla hujafikiria dawa, hasa kwa mmea ambao utakunywa majani yake.

## Hatua ya 8: Tengeneza kichaka

Mchai ukiachwa huwa mti mrefu wenye majani machache yasiyofikika. Ukishasimama imara na kupita sentimita 25, kata shina kuu sentimita 15 kutoka ardhini. Inauma, lakini macho ya chini hayataamka vinginevyo. Matawi mapya yakipita nusu mita, kata yote kwa usawa wa sentimita 28, na awamu inayofuata kwa sentimita 40. Kila mkato huongeza upana. Baada ya hapo acha yakue mpaka sentimita 50, na hapo ndipo unapoanza kuchuma ukifuata usawa mmoja, kama meza.

Kila baada ya miaka mitatu au minne meza hupanda juu na chipukizi hudhoofika. Pogoa chini tena wakati wa baridi, si katikati ya kiangazi, na ufunike matawi yaliyo wazi kwa majani uliyokata ili jua lisiyababue.

## Hatua ya 9: Chuma na ukaushe

Chuma majani mawili na ncha yake, kila siku 7 hadi 14 kulingana na mvua. Chipukizi lililolala, ambalo ncha yake ni ndogo na haikui, livunje ulitupe, kwa sababu huzuia mengine. Kilo 5 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya chai kavu, kwa hiyo michai kumi ya nyumbani ni ya kunywa na wageni, si ya kuuza.

Kwa chai nyeusi, tandaza majani kivulini usiku kucha mpaka kikonyo kipinde bila kukatika. Yafikiche kwa nguvu kati ya viganja kwa dakika 20, mpaka utomvu utoke na mikono inate. Yafunike kwa kitambaa kibichi kwa saa mbili hivi, mpaka yawe na rangi ya shaba na harufu igeuke kutoka ya majani kuwa ya matunda. Kausha kwenye ovena ya nyuzi 100, au kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo ukigeuza bila kuacha, hadi jani livunjike vidoleni.

Kwa chai ya kijani, ruka usiku ule. Majani yapitishe kwenye mvuke kwa dakika moja au mbili mara tu yanapochumwa, kisha fikicha na ukaushe.

## Kwa mwenye kamelia za maua

Camellia japonica na Camellia sasanqua hufuata hatua zote mpaka ya 7. Tofauti zao ni chache. Sasanqua huvumilia jua zaidi. Japonica inataka kivuli chepesi, hasa saa za mchana. Usizipogoe kama chai: kata kidogo tu mara baada ya maua kunyauka, kwa kuwa ukichelewa unakata matumba ya msimu ujao.

Malalamiko makubwa ni matumba kuanguka kabla ya kufunguka. Mara nyingi kosa halikutendeka wiki ile matumba yalipoanguka, bali miezi kadhaa nyuma, wakati yalipokuwa yakijijenga na udongo ukaachwa ukauke. Kamelia ya chunguni ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu mizizi yake haina pa kwenda kutafuta maji. Ingiza kidole sentimita 5 udongoni kila baada ya siku mbili wakati wa kiangazi, na ukikuta pakavu mwagilia maji ya mvua mpaka yatoke chini. Chungu kikishachanua usikizungushe wala kukihamisha mpaka maua yaishe.